Rufaa ya jinai Texas: la kufanya hoja za mrufani zisipofika mahakamani

Majaji wa rufaa wa Texas hawasikilizi kesi upya. Hawaiti mashahidi, na mara nyingi hawamwoni mrufani hata siku moja. Kwa kawaida huketi watatu, wakasoma vitu viwili: kumbukumbu za jinsi kesi ilivyoendeshwa chini, na hoja za maandishi za kila upande. Hoja za mrufani ndizo zinazowaonyesha kosa liko ukurasa gani na sheria inasemaje juu yake. Zisipoletwa, upande wa serikali hauna cha kujibu. Majaji wanapitia kumbukumbu wakitafuta makosa ya aina chache sana, na mara nyingi mwisho wake ni kurasa mbili tatu za kuthibitisha hatia na adhabu.

Mwongozo huu ni kwa jamaa wa Waswahili waliohukumiwa katika mahakama za jimbo la Texas, iwe Houston, Dallas, Fort Worth, Austin au Abilene. Wengi huambiwa kwamba rufaa ya ndugu yao imekufa kwa sababu wakili hakuandika. Haijafa bado. Kanuni ya 38.8(b) ya taratibu za rufaa za Texas inakataza rufaa ya jinai kufutwa kwa sababu tu hoja zimechelewa. Kabla rufaa haijaamuliwa bila hoja, mahakama iliyosikiliza kesi inaagizwa ifanye kikao na kuchunguza kama mrufani bado anaitaka rufaa yake na kama ana uwezo wa kumlipa wakili. Kikao hicho ndicho njia panda. Aliyejiandaa hutoka na wakili mpya na tarehe mpya. Asiyejiandaa anaweza kutoka na rufaa isiyo na msemaji.

Haya yote yanahusu kesi za jinai za jimbo. Katika mahakama za shirikisho, mrufani asipoleta hoja, upande wa pili unaweza kuomba rufaa ifutwe. Kesi za madai za Texas nazo zinaweza kufutwa. Kwa hiyo ushauri wa mtu aliyepitia kesi ya nyumba au ya ajali usiutumie hapa.

Hakikisha kwanza kwamba rufaa ipo

Notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu adhabu itamkwe mahakamani. Kama ombi la kesi kusikilizwa upya liliwekwa ndani ya siku 30 hizo, muda wa notisi unakuwa siku 90 tangu siku hiyo hiyo ya adhabu. Baada ya hapo zipo siku 15 za ziada tu, na ndani ya siku hizo lazima viwekwe vitu viwili: notisi yenyewe, na ombi la kuongezewa muda linalokwenda mahakama ya rufaa. Kimoja kikikosekana, mahakama ya rufaa haina mamlaka juu ya kesi hiyo, hata majaji wakiona huruma.

Karatasi ya pili ni cheti cha jaji kinachosema kama mshitakiwa ana haki ya kukata rufaa. Aliyekiri kosa kwa makubaliano na mwendesha mashitaka kwa kawaida hana haki hiyo, isipokuwa kwa mambo yaliyoombwa kwa maandishi na kuamuliwa kabla ya kesi, au jaji akimruhusu, au sheria maalumu ikimruhusu. Kisome cheti kabla ya kutumia hata dola moja. Kikisema hana haki, na kumbukumbu zikikubaliana nacho, rufaa itafutwa hata hoja ziwe nzuri namna gani.

Rufaa ikishafunguliwa hupewa namba, nayo inasomeka kwa urahisi. Tarakimu mbili za kwanza ni mahakama: 01 na 14 ziko Houston, 02 Fort Worth, 03 Austin, 05 Dallas, 11 Eastland, inayopokea rufaa za Abilene. Zinafuata tarakimu mbili za mwaka, namba ya kesi yenyewe, kisha herufi CR, maana yake jinai. Ingiza namba hiyo kwenye search.txcourts.gov, ambayo ni bure, utaona kila karatasi iliyowekwa na siku iliyowekwa. Mpeni mtu mmoja wa familia anayesoma Kiingereza vizuri kazi ya kuangalia kila wiki, au ajiandikishe apate taarifa kwa barua pepe. Makosa mengi yanayoua rufaa huonekana hapo mapema kabla barua haijafika gerezani.

Kumbukumbu za kesi

Zipo za aina mbili. Jalada la karani, linaloandikwa CR kwenye hoja (si CR ile ya namba ya rufaa), lina hati ya mashitaka, maombi, maelekezo ya juri na hukumu. Kumbukumbu za mwandishi wa mahakama, RR, ni kila neno lililosemwa kizimbani. Zote zinapaswa kufika ndani ya siku 60 tangu adhabu, au 120 kama kesi iliombewa kusikilizwa upya.

Hapa ndipo familia zinazolipa wakili wenyewe huumia bila kujua. Ada ya wakili na ada ya mwandishi ni vitu viwili mbalimbali. Mwandishi lazima aombwe kwa maandishi, akatajiwa sehemu zinazotakiwa, na alipwe au mpango wa malipo ufanywe naye. Kesi ya juri ya siku kadhaa ina mabuku mengi, na malipo huhesabiwa kwa ukurasa. Mwandishi asipolipwa, mahakama ya rufaa hutoa onyo, kisha inaweza kuamua rufaa kwa jalada la karani peke yake. Ushahidi, pingamizi na maneno ya jaji vyote vinabaki nje. Mtu asiye na uwezo hupewa kumbukumbu bure, lakini lazima aombe, kwa ombi na hati ya kiapo inayoeleza hali yake ya fedha, ndani ya muda ule ule wa kukata rufaa. Aliye gerezani hahitaji kutafuta wa kumwapisha: sheria ya Texas inakubali tamko lisilo la kiapo lenye jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mfungwa, na maneno kwamba anatamka chini ya adhabu ya kusema uongo.

Siku 30 za hoja

Muda wa hoja za mrufani ni siku 30, zikihesabiwa tangu kumbukumbu ya mwisho kati ya zile mbili ifike. Serikali hupata siku 30 baada ya hapo, na mrufani akitaka kujibu tena ana siku 20.

Muda unaongezwa kwa kuomba. Ombi halihitaji ufasaha; linahitaji mambo manne: tarehe ya mwisho ilikuwa lini, muda unaoombwa ni siku ngapi, sababu ya kweli inayoeleweka, na ni mara ngapi muda umeshaongezwa. Ombi la kwanza lenye sababu hukubaliwa mara nyingi. Likija la tatu au la nne, majaji huanza kuandika kwamba hawataongeza tena. Ukiona kwenye tovuti maombi yanarundikana na hoja haziji, mwandikie wakili sasa, kwa barua yenye tarehe, ukimuuliza siku atakayowasilisha. Weka nakala. Barua hiyo itakuwa ushahidi baadaye.

Usiiandikie mahakama ya rufaa mwenyewe ukieleza jinsi ndugu yako asivyo na hatia. Mtu mwenye wakili hana haki ya kujiwakilisha nusu na kuwakilishwa nusu. Karatasi anazotuma mwenyewe kwa kawaida hazizingatiwi, na za shangazi yake hazizingatiwi kabisa. Isitoshe, jambo alilolikiri katika barua linaweza kumrudia kesi ikisikilizwa upya. Barua moja tu ina maana: inayotoka kwa mrufani mwenyewe, fupi, ikisema kwamba wakili hamjibu, kwamba anaitaka rufaa yake iendelee, na kwamba anaomba kikao cha kuteuliwa wakili.

Aliyeruhusiwa kujiwakilisha anaweza kuandika kwa mkono. Kikomo ni kurasa 50, au maneno 15,000 kwa kompyuta, herufi za ukubwa wa 14, mistari ikiachiana nafasi. Kinachomwangusha mfungwa anayejiandikia huwa ni madai yasiyo na ukurasa, kuliko hata Kiingereza kibovu. Kila hoja iwe na vipande vinne: nini kilitokea (3 RR 45, yaani buku la tatu ukurasa wa 45), nani alipinga na jaji akajibu nini, sheria gani ilivunjwa, na madhara gani yalifuata. Hoja isiyotaja sheria wala kumbukumbu huhesabiwa kuwa imeachwa, na hapo mtu ameandika kurasa 40 akapata jibu la yule ambaye hakuandika chochote. Hoja zikishakamilika, nakala moja iende kwa mwendesha mashitaka na cheti cha kuonyesha ilipelekwa lini. Kwa mfungwa asiye na wakili, mahakama ya juu ya jinai ya Texas iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Campbell, kwamba karatasi imewasilishwa siku alipoikabidhi kwa maofisa wa gereza ipelekwe kwa karani. Kwa hiyo aandike tarehe hiyo kwenye karatasi yenyewe, na asitegemee muhuri wa posta.

Siku zikipita: barua ya karani

Hoja zikichelewa, karani wa mahakama ya rufaa huandika kwa mawakili na kwa mahakama iliyosikiliza kesi. Jibu la kuridhisha lisipofika ndani ya siku 10, rufaa inasimamishwa kwa muda na jalada linarudishwa chini kwa ajili ya kikao. Kwenye tovuti utaona rufaa imesimamishwa. Watu huogopa wakiona hivyo, wakadhani imefutwa. Ni kinyume chake: ni mlango uliofunguliwa, lakini hautakaa wazi muda mrefu, maana jaji wa chini hupewa tarehe ya kurudisha majibu.

Mrufani aliye nje kwa dhamana au chini ya uangalizi wa mahakama anakabiliwa na hatari kubwa kuliko aliye gerezani, nayo ni anwani. Akihama nyumba bila kuwaarifu karani wa rufaa na karani wa mahakama ya chini, wito unakwenda mlango wa zamani, yeye haji, na jaji anaweza kuandika kwamba mrufani haonyeshi tena nia ya kuendelea. Baada ya hapo rufaa inaweza kuamuliwa bila hoja. Andikia ofisi zote mbili, kila mara unapohama, ukitaja namba za kesi zote mbili.

Kikao chenyewe

Jaji atakuwa na maswali matatu hivi. Je, mrufani bado anaitaka rufaa? Je, ana uwezo wa kumlipa wakili? Kama ana uwezo na alimkodi wakili, je, wakili huyo ameitelekeza kesi? Mahakama ya rufaa inaruhusiwa kuamua bila hoja jaji akibaini moja kati ya mambo mawili: kwamba mrufani hataki tena, au kwamba ana uwezo lakini hajafanya mpango wa kuleta hoja. Mambo mawili hayo yashikeni vizuri, kwa sababu majibu yote ya kikaoni yanahukumiwa kwa hayo.

Swali la kwanza linahitaji jibu lisilo na kona. Heshima zetu hapa zinatuponza. Mtu aliyelelewa kutompinga mkubwa, akiulizwa na jaji kama anataka kuendelea, hujibu "kama mahakama itaona inafaa", au "namwachia Mungu", au anatikisa kichwa tu. Kwenye kumbukumbu hayo yanaweza kusomeka kama kukata tamaa. Afundishwe kusema hivi, na arudie hata akiulizwa mara tano: "Ndiyo, nataka rufaa yangu iendelee. Sijaiacha. Sina fedha za kumlipa wakili. Naomba mahakama initeulie wakili wa rufaa." Kutikisa kichwa hakuandikwi, aseme kwa sauti.

Mkalimani aombwe kabla ya siku ya kikao, kwa maandishi, na lugha itajwe sawasawa. Kifungu cha 38.30 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya Texas kinampa mkalimani mshitakiwa asiyeelewa Kiingereza. Lakini wengi waliotoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu waliandikiwa Kiswahili kwenye karatasi zao ilhali lugha ya nyumbani ni Kibembe, Kirundi au Kinyamulenge, na Kiswahili chao ni cha sokoni. Wengine wamezoea Kiswahili cha Kongo ambacho maneno yake ya ofisi na mahakama yametoka Kifaransa, na wanapewa mkalimani wa Mombasa au Dar es Salaam. Huko "rufaa", "kuteua" na "kutelekeza" yanaweza yasieleweke kabisa. Kwa lugha isiyo Kihispania mahakama inaweza kumtumia mkalimani asiye na leseni kama hakuna mwenye leseni karibu, kwa hiyo msidhani kwamba aliyeletwa amepimwa. Mrufani asipoelewa, asikubali ili mambo yaishe. Aseme "simwelewi mkalimani", na maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu. Ndugu wa familia asijitolee kutafsiri. Hana kiapo cha kazi hiyo, na akikosea neno moja hakuna wa kumsahihisha.

Kwenye uwezo wa fedha, sheria inatazama kipato cha mshitakiwa mwenyewe, mali yake, madeni, gharama za lazima, idadi na umri wa wanaomtegemea, na kipato cha mwenzi wake anachoweza kukifikia. Orodha hiyo haitaji nyumba ya kaka wala michango ya jumuiya. Lakini jamaa husimama kikaoni wakasema kwa upendo, "Tutachanga, tutalipa." Neno hilo likiingia bila wakili aliyekodiwa na bila tarehe, linampa jaji sababu ya kuandika kwamba uwezo upo na mpango haujafanywa. Kama fedha zipo kweli, njooni na barua ya wakili aliyekubali kesi, yenye jina lake na siku atakayowasilisha hoja. Kama hazipo, semeni hazipo. Aliyekwisha kuhesabiwa kuwa hana uwezo wakati wa kesi huchukuliwa kuwa bado hana mpaka kuwe na mabadiliko makubwa ya hali yake. Mkumbushe wakili wa kikao alitaje hilo. Kuja na hati za kipato, kodi ya nyumba na hesabu ya fedha zake gerezani kunasaidia kuliko hotuba.

Jaji anaweza pia kuuliza kama mrufani angependa kujiwakilisha. Asikubali kwa sababu ya hasira na wakili wa zamani. Kwenye rufaa, kujiwakilisha si haki ya kikatiba. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2000. Lakini kupewa wakili kwenye rufaa ya kwanza ni haki ya asiye na uwezo tangu kesi ya Douglas ya mwaka 1963, na tangu kesi ya Evitts ya mwaka 1985 wakili huyo anapaswa kufanya kazi inayostahili. Anayechagua kujiandikia huonywa juu ya hatari zake, na akishindwa kuleta hoja, mahakama za Texas zimewahi kuamua rufaa za namna hiyo bila hoja. Aseme simtaki huyu, naomba mwingine. Asiseme sitaki wakili.

Kikao kikiisha, ulizeni mambo mawili kabla ya kutoka: jaji amebaini nini, na kama kumbukumbu za kikao zitapelekwa mahakama ya rufaa. Kama mrufani hakuletwa kutoka gerezani na hakuonekana hata kwa video, na bado jaji ameandika kwamba hataki rufaa, hilo lipingwe haraka kwa maandishi kwenye mahakama ya rufaa, likiambatana na tamko la mrufani mwenyewe.

Kwa kweli asiyetaka rufaa ana njia yake: ombi la kuiondoa, lililotiwa saini na mrufani pamoja na wakili wake. Mtu asitie saini karatasi ya namna hiyo bila kusomewa neno kwa neno kwa lugha anayoielewa.

Majaji wakiamua bila hoja, wanatafuta nini

Wanasoma kumbukumbu "kadiri haki inavyohitaji", na hapo mahakama za rufaa zimezoea kutafuta makosa ya msingi tu: yale yasiyohitaji kupingwa kesini ili yasikilizwe. Mshitakiwa alinyimwa wakili, au wakili aliyeteuliwa hakupewa siku 10 za kujiandaa bila yeye na mshitakiwa kuziachilia. Alinyimwa juri bila kuikataa. Mahakama haikuwa na mamlaka. Alishitakiwa kwa sheria iliyotungwa baada ya kitendo. Jaji alitamka maneno mbele ya juri yaliyoharibu dhana ya kutokuwa na hatia. Maelekezo ya juri yalikosewa kiasi cha kumnyima kesi ya haki. Wakiona hukumu imeandikwa vibaya, tuseme kifungu cha sheria au adhabu haifanani na iliyotamkwa, wanaweza kuisahihisha wenyewe.

Ona yaliyobaki nje. Upekuzi wa gari bila kibali ambao wakili alishindwa kuupinga vizuri, ushahidi wa kusikia, shahidi aliyegeuka, maneno ya mwendesha mashitaka: hayo yote yanahitaji mtu wa kuyasema na kuyaonyesha ukurasa. Hata kosa ambalo wakili alilipinga kwa bidii chini linaweza kupita bila kuguswa. Ndiyo maana hatuwezi kumshauri mtu aiachie mahakama "ijisomee".

Lipo moja linalotuhusu sisi hasa. Katika kesi ya Garcia ya mwaka 2004, mahakama ya juu ya jinai ya Texas iliamua kwamba jaji akijua mshitakiwa haelewi Kiingereza, ni wajibu wake kuhakikisha mkalimani yupo hata kama hakuombwa, isipokuwa mshitakiwa mwenyewe ameikataa haki hiyo kwa kujua. Hapo ukimya wa wakili hauifuti haki hiyo. Lakini lazima kumbukumbu zionyeshe kwamba jaji alijua. Wakili mpya apewe kurasa ambapo lugha ilitajwa: fomu ya kukamatwa, kikao cha dhamana, swali la jaji lililojibiwa kombo.

Wakili akiandika kwamba hakuna cha kudai

Hili si sawa na kukosa hoja, ingawa huchanganywa sana. Kwa utaratibu wa kesi ya Anders ya mwaka 1967, wakili aliyeteuliwa anayeona rufaa haina msingi huandika hoja zinazopitia kesi nzima, kisha anaomba kujitoa. Lazima ampelekee mrufani nakala, amweleze kwamba anaweza kujibu mwenyewe, na amsaidie kwa vitendo kupata kumbukumbu. Kesi ya Kelly ya mwaka 2014 ilisisitiza hilo la mwisho. Bahasha hiyo ikifika, mrufani ajaze mara moja ombi la kumbukumbu lililomo ndani na alipeleke mahakama ya rufaa. Jibu lake halihitaji kuwa la kitaalamu. Aonyeshe ukurasa na tatizo. Majaji hupitia kumbukumbu yote, na wakiona hata hoja moja yenye kujadilika, wanaagiza wakili mpya ateuliwe aiandike.

Hukumu ikishatoka

Kuna siku 15 za kuomba mahakama ile ile iangalie upya. Kama rufaa iliamuliwa bila hoja kwa sababu wito haukufika au jaji alikosea juu ya uwezo wa mrufani, mahali pa kwanza pa kusema ni hapa, ushahidi ukiambatanishwa. Kisha zipo siku 30, tangu hukumu au tangu ombi hilo likataliwe, za kuomba mahakama ya juu ya jinai iliyoko Austin iikubali kesi. Ombi hilo lisizidi maneno 4,500, au kurasa 15 kwa mkono, na wakili wa bure hapo si haki. Wakili wa rufaa anatakiwa kumtumia mteja nakala ya hukumu ndani ya siku 5 na kumweleza haki hiyo. Bahasha yenye muhuri wa posta itunzwe: ikionyesha kwamba nakala ilitumwa siku 40 baadaye, ndiyo itakayothibitisha kwamba nafasi ilipotea kwa kosa la mwingine.

Wakili akiwa ndiye aliyeitelekeza rufaa ya kosa kubwa, njia iliyobaki ni ombi la kifungu cha 11.07 cha sheria ya mwenendo wa jinai, la kupinga hukumu iliyokwisha kuwa ya mwisho, kwa fomu maalumu, linalowekwa kwa karani wa mahakama iliyomhukumu. Mahakama inaweza kurudisha nafasi ya rufaa iliyopotea. Ombi la pili la aina hiyo limebanwa sana kisheria, kwa hiyo la kwanza lisiandikwe kwa pupa wala kwa kunakili la mfungwa mwingine. Malalamiko kwa chama cha mawakili cha Texas yanaweza kumwadhibu wakili, lakini hayaongezi hata siku moja kwenye rufaa. Mwaka mmoja wa kwenda mahakama ya shirikisho kuipinga hukumu ya jimbo nao unahesabiwa tangu hukumu ya jimbo iwe ya mwisho, na husimama tu wakati ombi la jimbo lililowekwa sawasawa linasubiri jibu. Kama ndugu yako si raia wa Marekani, mpe wakili wa uhamiaji namba ya rufaa na tarehe hizi zote wiki hiyo hiyo, maana mahakama ya uhamiaji haitasubiri kuambiwa.